Tembo wa Mama Mnadani

Benchi la Buguruni lilikuwa na miguu minne, mitatu ya mkongo na mmoja wa mpingo. Huo wa mpingo aliuchonga Marselino, mtu wa Masasi, ambaye kijiwe kizima kilimwita Patasi kwa sababu popote alipokwenda, mfuko wake wa patasi ulikuwa begani. Bakari muuza kahawa aliweka birika lake upande wa mguu huo kwa kuuamini. Wenye haki ya kukaa pale walikuwa wawili wengine: Theonest, aliyeitwa Karani kwa kuwa aliandika vitabu vya bohari mjini na alisoma Kiingereza, na Fransis, aliyeitwa Sajini ingawa jeshini alikuwa mpishi, na ambaye kofia yake aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma hakuivua hata msibani. Mchana ule wa mwaka 1951, tarehe ishirini na saba, mishahara haijatoka, Patasi alishuka kwenye basi la kutoka mjini akaja kukaa bila kumtazama mtu.

– Umeipata? aliuliza Karani.

– Nimeipata. Na sijaipata.

– Hicho ndicho Kiswahili cha Masasi? alisema Bakari, akimjazia kikombe.

Wote walikuwa wanajua habari yenyewe. Ilikuwa sarafu ya dhahabu ya Mjerumani, ya rupia kumi na tano, iliyopigwa Tabora wakati wa vita, tembo amesimama na milima nyuma yake. Baba yake Patasi alilipwa hiyo mwisho wa kubeba mizigo ya vita hivyo, akafa mwaka uleule. Mama akaitunza kwenye pindo la kanga, na kila aliposhikwa na wasiwasi aliing'ata kuhakikisha, hata likabaki kovu la jino karibu na mguu wa nyuma wa tembo. Kisha ikaenda kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge kule Lindi, mkusanyaji wa sarafu kuukuu. Mzungu huyo sasa alikuwa amekufa, vitu vyake vikaletwa mnadani Dar es Salaam, na Karani ndiye aliyeiona sarafu kwenye orodha na kumsomea mwenziwe. Patasi alikuwa na shilingi sitini na tano, jasho la mwaka mzima.

– Haya, tuambie, alisema Sajini. Watu walipiga kelele?

– Kelele? Kimya kama kanisani! Mtu anainua kalamu hivi tu, shilingi tano zinaongezeka. Mwingine anagusa sikio, tano tena. Mie nikaogopa hata kujikuna.

– Lahaula! alisema Bakari.

– Imefika hamsini na tano, mzee mmoja wa Kigoa akaitazama kwa lenzi ya jichoni. Akaliona lile kovu. Akasema ina kasoro, akarudisha kalamu mfukoni.

– Jino la mama yako ndiyo kasoro? aliuliza Sajini.

– Ndiyo kasoro. Nikainua mkono, sitini, nyundo ikagonga. Kumbe ilikuwa bado safari ndefu. Karani, nyuma ya ile karatasi ya orodha kuliandikwa nini?

Karani alikohoa.

– Nyuma kulikuwa na maandishi madogo madogo. Nilidhani ni mambo ya kiwanda kilichotengeneza karatasi.

– Na karatasi yenyewe iko wapi?

Bakari aliinua taratibu sinia la kashata. Karatasi ya mnada ilikuwa chini yake, imelowa mafuta. Karani aliipangusa kwa mkono wa shati, akaisogeza mbali na macho, akasoma kama anayesoma waraka wa askofu:

– Mnunuzi atalipa, juu ya bei, ada ya nyundo, kumi kwa kila mia.

– Nyundo inalipwa? aliuliza Sajini.

– Shilingi sita, alisema Patasi. Na nyundo yenyewe ya mpingo, kazi ya kwetu. Mie nimewahi kuchonga za namna ile, nikalipwa shilingi moja na nusu.

– Yaani umechonga rungu mwenyewe, na limekupiga mwenyewe! alisema Bakari.

– Cheti cha mtaalamu, Karani aliendelea, shilingi saba. Kuthibitisha kwamba sarafu ndiyo yenyewe.

– Mie nina miaka hamsini na mbili, alisema Bakari, na sina karatasi inayothibitisha kwamba mie ndiye mie.

– Sanduku, shilingi tano.

– Nilimwambia dalali sitaki sanduku, alisema Patasi, nitaifunga kwenye leso. Akasema sarafu ya heshima haiuzwi uchi. Ndani mna mahameli nyekundu, jamani, laini kama sikio la ndama. Mie kitanda changu ni cha kamba.

– Bima, shilingi nne, kwa siku zilizowekwa watu waitazame, kama ingeibiwa.

– Iliibiwa? aliuliza Sajini.

– Haikuibiwa.

– Basi si wazirudishe!

Wakatazamana. Mtu aliyekaa mahali akafikiri mpaka akapata jinsi ya kulipwa kwa wizi usiotokea, huyo si mtu wa kuchezea.

– Na stempu ya risiti na uandishi, shilingi moja, Karani alimalizia, akaikunja karatasi kwa adabu.

– Sarafu hiyo leo ukiipeleka dukani, inanunua nini? aliuliza Bakari.

– Haipokelewi, alisema Patasi. Hata kitumbua hupati.

– Basi nimeelewa. Hiyo hela imestaafu. Tunailipa pensheni.

– Hujaelewa, alisema Sajini. Kule Burma palikuwa na mtu mkubwa, nimemwona kwa macho haya, sarafu zake zinaogeshwa kwa maziwa kila Ijumaa, na vijana wawili wanazipepea. Hela kuukuu ina moto ndani. Ukiilaza chumba kimoja na shilingi zetu hizi, asubuhi zetu zimepauka.

– Zimepauka vipi?

– Zimekonda! Inazinyonya. Ndiyo maana inafungiwa kwenye sanduku. Unadhani mahameli ni mapambo?

– Ndiyo maana Wazungu wanazipeleka Ulaya, alisema Karani, ambaye kwa kawaida hakuamini kitu. Labda huku zingetumalizia mishahara.

– Imeshatumalizia! alisema Sajini. Leo tarehe ngapi?

Patasi hakucheka. Alikuwa anahesabu upya, na kila alipohesabu zilikuwa themanini na tatu. Ishirini ameziacha kwa dalali kama arubuni, mfukoni zimebaki arobaini na tano. Pungufu kumi na nane. Asipofika nazo kabla ya saa kumi, arubuni imepotea, na tembo ataondoka na mwingine.

Sajini alipindua mifuko yake. Zikatoka senti thelathini na kifungo. Karani alitazama chini. Bakari alianza kuhesabu mauzo ya kahawa, akaacha.

– Msihangaike, ndugu zangu, alisema Patasi. Yuko fundi wa samani mtaa wa Gerezani, siku zote ananiambia patasi zangu atanilipa kumi na nane, wakati wowote. Basi la saa tisa likija nampitia.

Benchi zima likautazama ule mfuko uliokuwa katikati ya miguu yake.

– Na kesho utachonga kwa kitu gani? aliuliza Bakari.

– Kesho nitakuwa na sarafu ya mama.

Wakati huo alifika Jovina, mpangaji mpya wa nyumba ya Karani, na ungo wa mihogo ya kuchoma kichwani. Alikuwa hajawahi kusimama pale.

– Shikamooni, baba zangu.

– Marahaba.

Akatua ungo. Karani, kwa kupenda kusimulia, akampa habari yote, kuanzia tembo mpaka mahameli. Jovina alisikiliza mkono umefunika mdomo.

– Samahanini, alisema. Hiyo hela, tangu itengenezwe, imeshawahi kununua kitu?

Karani alikunjua karatasi kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Patasi alikuwa amegeuka kutazama basi linavyokuja na vumbi lake. Lakini alichokiona ni baraza la nyumba ya Mzungu kule Lindi, na yeye ana miaka kumi na minne, na mama ameshika pindo la kanga. Mama aliing'ata sarafu mara moja ya mwisho. Kisha akampa Mzungu, na seremala wake akaleta kifurushi cha gunia na kumkabidhi, si mama, bali yeye.

Basi lilisimama. Utingo akaita: – Mjini! Mjini!

Patasi hakuinuka. Alifungua mfuko, akatoa patasi tatu, akazipanga juu ya benchi moja moja. Mipini alishaibadilisha mara nyingi. Chuma kilikuwa kilekile.

– Hizi, mwanangu, alisema. Ilinunua hizi.

Utingo aligonga bati, basi likaondoka. Karani alifuta vidole vyake mafuta ya kashata, akaipokea patasi ndogo kwa mikono miwili, akampitishia Jovina, naye akampa Sajini. Sajini aliitazama pande zote. Kisha akavua kofia.

Bakari aliinamisha birika kummiminia Patasi. Lilikuwa limekwisha. Akaliweka chini, upande wa mguu wa mpingo, akabaki ameushika.