Wageni wa Boussole Wanataka Kupanda Milimani

Kahawa ya Mama Adolphine, hapa Baraka kwenye barabara ya Mboko, haijawahi kumnyima mtu maneno. Mwaka huu wa 2003 vita vimechoka kidogo, boti zinaleta tena mgeni mmoja mmoja kutoka Kigoma, na Henri, tunayemwita Boussole, yaani dira, kwa kuwa ndiye anayewatembeza, amefika kijiweni na uso wa bwana harusi. Wapo pia Bertin, tunayemwita Radio kwa habari zake, na Déogratias, aliyechimba dhahabu Misisi hadi sasa anaiona kila mahali. Mimi nashika kikombe na kusikiliza, kazi ninayoiweza.

— Bale bazee, bibi na bwana, banatembea inchi mingi, Boussole akasema. Nikabapeleka kwa Émilienne, iko anaanika ndakala. Nikaanza hotuba yangu. Bibi akasema, acha mama aongee.

— Ukafanya je? Radio akauliza.

— Nikanyamaza! Bakakaa mu muchanga, bakauliza: unajua je samaki imekauka? Émilienne akavunja moja karibu ya sikio ya bibi, asikie. Mi nilizaliwa hapa, sijamuulizaka hata siku moja.

Boussole alifurahi kweli kwa dagaa hao, nami nikafurahi kwa ajili yake.

— Beko banatafuta dhahabu, Déogratias akasema. Muntu hawezi kuacha nyumba yake sababu ya ndakala.

— Hapana, Radio akasema. Beko banakimbia batoto babo.

— Basi banapima ziwa, Déogratias akasema. Zile picha banapigaka ni za kupima. Bataibeba yote.

— Mu nini?

— Mu mabido!

Tukaona ziwa zima likibebwa kwenye madumu, tukacheka mpaka Adolphine akatukemea. Boussole peke yake alicheka nusu. Kesho wageni wanataka awapandishe milimani kwa wafugaji, na njia haijui. Tangu vita vianze, sisi na watu wa milimani tunaogopana, na kabla ya hapo hatukuona haja ya kupanda. Akikiri, watatafuta mwingine, akidanganya, atawapoteza.

— Danganya, Radio akamshauri. Sema kule iko simba.

— Bale? Batauliza inakula nini, inalala wapi.

Hapo akafika Byiringiro, mfugaji anayeteremka na maziwa siku za soko. Kila mara hupita bila kusimama. Leo alitua bido lake, akaomba kahawa.

— Munaongelea kwetu?

Radio akatazama chini. Tuliona aibu, na hofu kidogo pia.

— Ni kwenu, papa, Boussole akasema mbele yetu sote. Bageni banataka kupanda. Mi sijui njia.

— Bakuye, tutabapa maziwa. Na weye, utakuya kututembelea lini, bila bazungu?

Boussole, mwenye majibu ya mataifa yote, alisogea tu, akaacha nafasi kwenye benchi.

— Kesho nitakuya nabo, akasema. Bakisha kurudia kwabo, nitapanda tena, peke yangu.

— Njia haiko ngumu, Byiringiro akasema, akaketi.