Mama Hadubini, Aliyesoma Maji ya Uzazi

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mama Hadubini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita, baba yetu akiwa fundi wa injini na mama akiwa mshonaji, na alikuwa mtoto wa maswali tangu alipojua kufungua mdomo, kiasi kwamba baba akitoka kazini alipitia mlango wa nyuma ili angalau anywe chai kwanza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1971 na chuo cha maabara mwaka 1975, akahitimu mwaka 1978 na kuajiriwa mwaka huohuo katika maabara ya hospitali kubwa, chumba chembamba chenye dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia mashuka, na humo alidumu hadi kustaafu, akikataa kupandishwa cheo kwenda ofisini, kwa maelezo kwamba ofisini hakuna cha kuchungulia kwa hadubini.

Humo maabara ndimo alimokutana na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, aliyezoea kuleta sampuli ambazo haikuwa kazi yake kuzileta, mpaka siku moja marehemu akamwuliza, "Na gari umemwachia nani?", naye akamwomba amsindikize kulitazama, wakafunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa mtoto wa kiume na mabinti wawili, ingawa shemeji hakuwahi kumzoea mkewe alivyokuwa akiinua glasi ya maji kwenye mwanga kabla ya kunywa, hata ugenini, wenyeji wakibaki kutazamana.

Mwaka 1994 alifika daktari mpya wa wodi ya wazazi, mama mmoja mwembamba mwenye mwendo wa haraka, ambaye roho ilimuuma kuona wanawake wakishikwa na uchungu miezi kabla ya wakati bila mtu kujua sababu, akamweleza marehemu kwamba mara nyingine jibu limo katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kwamba wadudu wakiingia humo sukari ya maji hayo hushuka na chembe nyeupe za kinga huongezeka, hata kama mama mwenyewe hana homa, na kwamba majibu hayo husaidia kuamua kama uchungu utulizwe mtoto aendelee kukaa, au azalishwe upesi kabla maambukizi hayajawamaliza wote wawili. Tangu hapo wakawa chanda na pete, daktari akivuta maji kwa sindano, marehemu akiyasoma.

Mwezi Agosti 2007 ilikuja sampuli ya mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, aliyeshikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi sita na ushee, na marehemu alipoona sukari iko chini kabisa na chembe nyeupe zimejaa, alirudia kipimo, kisha akamwomba mwenzake naye apime bila kumwambia ni ya nani, jibu likawa lilelile. Mwanawe alimfuata kwenye korido akamsihi, "Mama, waambie wasubiri, hata wiki mbili tu," naye akamjibu, "Mwanangu, mle ndani si mahali salama tena." Mkwe alizalishwa jioni hiyo, akapona, lakini mtoto, wa kike, hakuvuka wiki.

Mkwe aliumia sana, akasema mbele yetu sote, "Mama ndiye aliyesema mwanangu atolewe," na kwa muda mrefu hakukanyaga nyumbani kwa marehemu, nasi tuliokwenda kumshauri dada ajitetee tulijibiwa kwamba aliyefiwa ana haki ya kuwa na mtu wa kumkasirikia, na kama mtu huyo ni yeye, basi na awe yeye, akaendelea kumpelekea salamu zisizojibiwa.

Mwaka 2009 mkwe alishika mimba nyingine, na ilipofika mwezi wa saba uchungu ukaanza tena, wodi ileile, daktari yuleyule, na alipoulizwa kama anakubali kuchomwa sindano alisema, "Nakubali, ila maji ayasome mama. Akisema tusubiri, nitasubiri, akisema twende, tutakwenda." Marehemu aliitwa kutoka likizo, akasoma, akarudia, safari hii sukari ilikuwa ya kawaida, chembe nyeupe za kuhesabika, wadudu hakuna, akapanda wodini mwenyewe na koti lake la maabara, akashika kitanda kwa mikono miwili na kusema, "Maji ni safi, mwanangu. Tusubiri." Waliokuwepo wanasema wakwe hao walilia hadi muuguzi akafunga pazia. Uchungu ulitulizwa, mtoto akakaa mpaka mwezi wa tisa, akazaliwa mnono na mwenye kelele, naye ndiye yule kijana mrefu aliyebeba msalaba leo.

Marehemu alistaafu mwaka 2016, na mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akahamia kwa mwanawe, ambako mkwe ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kubishana naye kuhusu dawa, na daktari wa saratani alipoanza kuzungukazunguka katika maneno, marehemu alimwomba mkwe amsomee majibu yote bila kuyapunguza, naye akamsomea, kisha wakanywa chai. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkwe wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa maabara waliofunga chumba kile leo wakaja kumsindikiza, majirani mliotupikia na kutuombea, na kwa namna ya pekee mkwe wetu, ambaye kuanzia leo sisi ndugu wa marehemu tumekubaliana kumwita dada.

Uliyasoma maji kwa ukweli, dada yetu mkubwa, nasi tulikuelewa, wengine kwa kuchelewa. Pumzika sasa, kwa amani.