Hana Aliyelewa Kweli

Bwana asifiwe! Naona wa nyuma hawajaitika. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa. Leo sitaki kuitikiwa kivivu, nimesimama hapa na moyo unanirukaruka.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Neema wa Kikwajuni. Babu yangu alikuja Unguja kutoka Unyamwezini, mimi nimezaliwa hapa hapa, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa mhudumu wa mgahawa kwenye hoteli moja ya Kendwa. Ndugu zangu, nilikuwa mlevi. Msinitafutie neno laini. Mlevi!

Wageni wakiondoka mezani huacha chupa zina nusu, zina robo. Wenzangu walizimwaga. Mimi nilizimimina kwenye chupa yangu ya chai, nyekundu na nyeupe pamoja, nikafunga kifuniko, nikarudi nayo mjini. Watu wakasema, huyu mama anapenda chai!

Na sikujiona na kosa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya neno moja tu. Pombe wanakunywa walevi. Mimi nilikuwa nakunywa divai! Divai si imo kwenye Biblia? Mtu akinigusa kidogo namfungulia harusi ya Kana: Bwana Yesu aligeuza maji kuwa divai, hakugeuza divai kuwa maji. Akiendelea kubisha namletea Timotheo, aliyeambiwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ndugu zangu, tumbo la Timotheo nimelitumia mimi kuliko Timotheo mwenyewe! Lakini Nuhu aliyelewa akalala uchi hemani nilimruka. Lutu aliyeleweshwa na binti zake nilimruka. Zile Mithali zinazouliza ni nani mwenye macho mekundu, hapo nilikuwa na haraka ya kugeuza ukurasa. Nilikuwa kama mtu anayechagua mchele, akautupa mchele na kubakiza mawe.

Sasa sikilizeni. Neema, binti yangu wa pekee, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwaka jana akajifungua mtoto wa kiume. Kwetu mnajua, binti akijifungua mama yake ndiye anayemlea siku arubaini: amkande, ampikie uji, amwogeshe mtoto. Nikavaa kanga mpya, nikachukua mafuta ya nazi, nikaenda. Nikamkuta jirani yetu, Bi Mwanakombo, amekaa kwenye kibao, mjukuu wangu yuko miguuni pake anaoshwa.

"Bi Mwanakombo, niachie mimi," nikasema.

Neema akajibu kutoka kitandani. "Mama, usimguse. Hiyo mikono inatetemeka."

"Tumbo tu linanisumbua, mwanangu."

"Nshachoka na hilo tumbo, mama! Ukiacha kunywa utamshika. Kabla ya hapo humshiki."

Bi Mwanakombo hakuninyanyulia hata macho, aliendelea kumwagia mtoto maji. Nilitoka pale na mafuta yangu mkononi. Aibu, ndugu zangu! Bibi mzaa mama nipo hai, na mjukuu anaogeshwa na jirani!

Ningekuwa na akili ningeacha siku ile ile. Mimi nilizidisha. Jumapili nikaja kanisani mapema kabla ya watu, nimekunywa tangu alfajiri, nikakaa benchi la mbele. Machozi yananitoka, midomo inacheza, sauti haisikiki. Mnadhani nilikuwa naomba? Nilikuwa namtukana Bi Mwanakombo! Matusi ya kimoyomoyo, sema midomo ikakataa kutulia.

Mchungaji akaniona, akaguswa. Akaacha mahubiri aliyoyaandaa, akasoma habari za Hana, yule mwanamke aliyelia nyumbani mwa Bwana akiomba mtoto, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kisha akaninyooshea mkono. "Leo tunaye Hana wetu!" Kanisa zima likasema amina. Ndugu zangu, Eli alimwona mwombaji akadhani mlevi. Mchungaji wetu alimwona mlevi akadhani mwombaji!

Hapo bado ningeweza kuinamisha kichwa nikaondoka na sifa zangu. Lakini akawaita kina mama wenye haja waje waombewe na mimi. Akaja dada mmoja, miaka saba ya ndoa hana mtoto. Akapiga magoti, akaishika mikono yangu miwili, ile ile niliyokatazwa kumshikia mjukuu, akaiweka kichwani pake. "Mama, niombee na mimi nipate."

Nikafungua kinywa. Na kilichonijia ni jibu la Hana kwa Eli, kwamba hakunywa divai wala kileo. Divai wala kileo! Hana alivitaja pamoja kwa pumzi moja, vitu vile vile nilivyokuwa navitenganisha miaka yote. Yeye aliweza kujibu. Mimi ningejibu nini na harufu ile inatoka kinywani?

Nikasema kwa sauti, "Dada yangu, inuka. Mimi si Hana. Mimi nimelewa."

Mliokuwepo siku ile mlijionea. Mchungaji alikaa chini. Lakini yule dada hakuinuka. Akanivuta mkono, akaniambia, "Basi, mama, piga magoti na wewe. Leo nitakuombea mimi." Haleluya! Mwenye haja aliniombea mimi! Nililia kama mtoto, na safari hii sikuwa namtukana mtu.

Sitawadanganya kwamba nilinyanyuka pale mzima. Nilipelekwa hospitali, nikatetemeka siku tano. Wewe unayetaka kuacha, usijifungie ndani peke yako, mwone daktari, na Mungu yuko huko huko. Na aliyenijia kila siku na uji wa pilipili manga ni nani? Bi Mwanakombo!

"Uji huu wa mzazi," nikamwambia. "Mimi unanihusu nini?"

"Kunywa, weye! Na weye mzazi vilevile. Umejizaa mwenyewe."

Mwislamu yule, ndugu zangu, wala hajui sisi tunavyolisema neno la kuzaliwa mara ya pili humu ndani! Nilimwomba radhi kwa matusi yangu yote. Akacheka, akasema hakuyasikia.

Niliomba hoteli wanihamishie dobi, sasa nafua mashuka. Kuhusu divai ya Kana, wasomi wajadiliane, mimi siwazuii. Nasoma Biblia nzima siku hizi, na Nuhu nikimfikia nasimama. Siku ya arubaini Neema alikuja kwangu mwenyewe. Alinitazama mikono, akaona imetulia. Kisha akasema, "Mama, mpokee," akanipa mtoto. Asante Yesu! Asante Yesu!

Yupo humu ndani mtu anayeimba na sisi na chupa yake iko kwenye mkoba. Sikutaji, wala sikutazami. Mungu aliyenikubali nimelewa hatakushindwa wewe. Njoo baada ya ibada, tukae wawili, useme neno lile, ulevi, kwa jina lake. Mtumaini tu, ndugu yangu!

Nilitaka kuendelea, lakini mnasikia kilio hicho cha nyuma? Huyo ni mjukuu wangu, na mama yake ananipungia mkono nikamchukue. Naombeni njia.