Majina ya Mitumbwi Tisa

Kahawa ya Mwanvua hunywewa kwenye benchi mbele ya biro, ofisi ya chama cha wavuvi, Rumonge, na asubuhi nyingine hapo hakuna mtu anayemwacha mwenzake amalize neno. Asubuhi hii watu waliongea kwa sauti ya chini. Upepo ulivuma tangu alfajiri. Mitumbwi tisa iliingia ziwani jana jioni. Minne imerudi, mitano bado. Shafii, karani wa chama, alikuwa amemwagia kahawa suruali yake nyeupe na wala hakuiona. Mtu nadhifu vile akifika hapo, ujue mambo yameharibika.

Djibril wa pikipiki, wanayemwita Vitesse, ndiye aliyeleta habari.

— Mitatu iko Kigwena, upepo uliitupa kule kusini. Watu wote wako salama. Ile miwili ingine, hakuna mwenye ameiona.

— Watu gani wako Kigwena? Shafii akauliza.

— Niliona watu, sikuuliza majina. Karani ni weye.

Ndipo Shafii akatoa lile alilokuwa analificha tangu asubuhi.

— Majina hayapo.

Bernardo, fundi wa moteri, akaweka kikombe chini.

— Hayapo namna gani? Si nilikuona jana unaandika mu odinateri mpaka jua linazama?

— Niliandika. Programu ya zamani ilikuwa inakaa mulemule ndani ya mashine, rezo iwepo isiwepo, inashika ulichoandika. Hii mupya inafungukia kwa interneti. Jana rezo ikakatika, ukurasa ukabaki wazi. Nikaandika, nikabonyeza, kagurudumu kakazunguka. Nikajua kanafanya kazi. Nikazima, nikaenda kula. Leo rezo imerudi dakika tano tu: tarehe ya jana iko, chini yake peupe.

— Basi hayajapotea, Djibril akasema. Yako juu, yanazunguka, yanatafuta antena.

— Antena gani, Vitesse, Bernardo akadakia. Programu ya zamani ni moteri umeifunga kwa mtumbwi wako. Hii, moteri iko Ulaya, weye umeshika kamba tu. Wakivuta kule, unabaki mikono mitupu.

— Na majina ya watu wetu wanayafanyia nini? Djibril akauliza.

— Wanajua wenyewe. Iko mashine kule inakula majina. Na jina likishaliwa, mwenyewe naye...

— Nyamaza, Bernardo, Mwanvua akamkata. Watu wako majini, weye unaongea kula.

Shafii aliogopa, na hofu yake haikuwa ya Ulaya. Laiti kila mtumbwi ungekuwa na watu wake wa siku zote, angewataja kwa kichwa walio kwenye ile miwili. Lakini hapa vibarua hukusanyika ufukweni jioni, na penye upungufu wa mikono ndipo mtu anaporukia, leo huku, kesho kule. Kazi yake yote ni kuandika nani karukia wapi.

— Na kaye yako je? Bernardo akauliza.

Shafii akatazama karanga alizokuwa anauza Mwanvua. Karatasi za kaye, daftari lake la zamani, ndizo zilizozifunga. Alimpa mwenyewe siku programu mpya ilipofika, tena kwa maringo, eti yeye na kalamu wameachana.

— Vitesse, rudi Kigwena uwaulize.

— Na esansi gani? Tanki kavu, nimefika hapa nasukuma. Simu nazo ndiyo hizo, hazishiki. Kwa mguu, kwenda na kurudi ni magaribi.

Hapo akafika Esperance, mke wa Cirhuza, kibarua aliyetoka Kivu ya Kusini. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini.

— Amahoro, bwana karani.

— Amahoro, mama.

— Cirhuza hajarudi. Wanasema bengine wako Kigwena. Ulimuandika mu mtumbwi gani?

Shafii alikumbuka kuliandika jina lile. Alimuuliza hata herufi zake moja moja, na Cirhuza akacheka. Mtumbwi hakuukumbuka. Akawageukia wenzake, na waliokuwa na maneno mengi ya Ulaya sasa walikuwa wanatazama vikombe vyao.

— Mama, mashine... akaanza.

— Haina shida, ifungue polepole. Mimi niko, nitangoja.

Bernardo akasogea. Esperance akaketi ubavuni mwa Shafii, akamshukuru, macho yake kwenye mlango wa biro.