Kurasa Nane za Zimwi la Mto Mkavu

Hapo sokoni Tulia, Ukambani, kwenye ukuta wa kinu cha posho, kuna fomu ya mbao ambayo miguu yake ya kushoto imezama mchangani, hivi kwamba anayekaa upande huo huongea akiwa ameinama kama mtu anayeungama. Wenyeji wake mwaka ule wa 1990 walikuwa Mbuvi, aliyeitwa Breki kwa sababu aliwahi kuendesha lori lisilokuwa nazo. Kiilu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika. Na Faki muuza kahawa, ambaye babu yake alitoka Lamu lakini yeye anajua Kikamba kunishinda. Mimi ni Mutindi. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya vurugu, nikarudi nyumbani na hasira za kutosha wilaya nzima. Asubuhi hiyo nilifika fomuni na kitabu kwapani, nikimtafuta mtu mmoja tu: Mwalimu Musembi, mstaafu, aliyekuwa amekaa upande uliozama.

— Ngai! Hiyo kitabu! Breki akaruka, kahawa ikamwagika. Si hiyo ni Zimwi la Mto Mkavu? Nilisoma hiyo darasa la tano! Hiyo ndiyo ilifanya niogope kuchota maji mpaka nikaoa.

— Ukaoa ndio uchotewe, akasema Redio.

— Umetoa wapi, msichana? Breki akaniuliza.

— Shuleni. Kwenye sanduku la vitabu. Vilikuwa sita, mchwa wamekula vitano.

Kwa asiyekijua, kisa chenyewe ni hiki. Msichana anatumwa kuchota maji mto ukiwa mkavu. Anachimba mchanga, maji yako mbali, anachimba mpaka shimo linamzidi urefu. Kutoka juu anasikia sauti ya mama yake: toka, mwanangu, jua linazama. Kutoka chini, kwenye mchanga uliolowa, anasikia sauti ileile ya mama yake: usitoke, mwanangu, huyo wa juu si mimi. Ukurasa wa arobaini na sita unaishia hapo. Kurasa nane zinazofuata zimechanwa. Zilichanwa kwenye nakala zote sita, kwa rula, kwa unadhifu kabisa. Watoto wa Tulia wamekua karibu miaka ishirini na kitabu kisicho na mwisho.

— Mimi huwa nasema hakuna zimwi hapo, Breki akaanza. Ni wezi wa mchanga. Lori inaingia mto jioni, hawataki watoto waone. Wanatisha watoto. Kwisha.

— Na sauti ya mama? nikamuuliza.

— Tanboi wangu wa lori alikuwa anaiga mama mkwe wangu mpaka mimi mwenyewe nasimama wima. Sauti ni kitu?

Faki akacheka, akajaza vikombe.

— Nyie hamjui mambo. Yule ni jini. Tena jini wa pwani. Kapanda gari la moshi Mombasa, kasinzia, kashuka Kibwezi kwa makosa. Jini wa maji huyo, atafanyaje Ukambani? Kaona mto, kaingia, kakuta mchanga mtupu! Maskini, kakwama humo mpaka leo. Analia tu kama mama wa mtu.

— Jini anakosa stesheni?

— Wewe Mbuvi ulikosa daraja zima na lori lako.

Redio alikuwa akingoja zamu yake huku magoti yakimcheza.

— Sasa sikizeni. Mnakumbuka ile pampu? Mheshimiwa alikuja, ng'ombe ikachinjwa, utepe ukakatwa, maji ikatoka dakika tano. Ikaenda wapi? Niulizeni, ikaenda wapi! Kuna mtu chini ya huo mto. Anakaa huko, ana ofisi, ana meza, na ako na mfereji mmoja anafunga na kufungua. Hiyo sauti ya chini ni yake.

— Na anaongea kama mama? akauliza Faki.

— Akitaka kura anaongea kama mama yako kabisa. Hata wahenga...

— Hao wahenga wako waache nyumbani leo, nikamkata. Hoja ya nidhamu!

Wakanigeukia, kwa mshangao zaidi kuliko kwa heshima. Nikafungua kitabu pale penye makovu ya kurasa zilizochanwa, nikakiweka magotini pa Mwalimu.

— Nisamehe, Mwalimu. Hadithi hii ni ya nyanya yangu, Kalondu. Yeye alisimulia kwa Kikamba, wewe ukaandika kwa Kiswahili, ikapelekwa Nairobi kuchapishwa. Nimeuliza chuoni, hawana. Waliochapa walifunga kitambo. Na huyo susu wangu tulimzika mwezi wa nne. Kwa hivyo nauliza mbele ya mashahidi: ni nani alichana?

— Mimi, akasema Mwalimu.

Alisema haraka hivyo, hakuniachia hata nafasi ya kujenga hoja.

— Mwaka wa sabini na moja, akaendelea, wazee wa kanisa walikuja shuleni. Kitabu kilikuwa ndiyo kwanza kimefika, darasa halijafika mwisho, na walikuwa wamesikia watoto wanafundishwa mazimwi. Walitaka kitabu kichomwe chote, na walikuja na kiberiti, mwanangu, sikufanyii mzaha. Walichokichukia hasa kilikuwa kule mwisho. Nikawaambia, basi chukueni mwisho, niachieni kilichobaki. Nikachana mwenyewe ili wasiharibu uti wa kitabu. Wakachoma nyuma ya choo cha shule.

— Na mswada wako?

— Huo waliuomba pia.

— Ukawapa!

— Nilikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini na minane, na nyumba niliyolala ilikuwa ya shule ya kanisa. Nikawapa.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga toka nyumbani, kuhusu watu wanaolinda watoto dhidi ya mazimwi kwa kuwaacha ndani ya shimo. Mwalimu akainua mkono, kama darasani.

— Ngoja. Nilipochana sikuona kama napoteza kitu. Kalondu alikuwa palepale, ng'ambo ya soko. Mtoto akitaka mwisho si aende kwa mwenyewe? Karatasi ni karatasi. Hadithi ilikuwa mdomoni mwake.

Hapo ndipo hasira iliponishuka mpaka kwenye nyayo.

— Mwalimu, nikasema, susu aliokoka. Mwaka uohuo, kwenye mkutano wa injili wa hema. Hakusimulia tena. Tulipomsihi atusimulie alikuwa anasema, mimi nilishampa Mwalimu, iko kwa kitabu, someni muende shule.

— Alisema iko kwa kitabu?

— Kila mara.

— Hakujua nimechana?

— Susu hakujua kusoma. Angejuaje?

Mwalimu akakifunga kitabu polepole, akakishika kwa mikono miwili.

— Tulisalimiana kila Jumapili, akasema. Miaka kumi na tisa. Hujambo Mwalimu, hujambo mama. Na hatukuwahi kuulizana.

Kinu kilikuwa kinasaga, ukuta ukitetemeka migongoni mwetu. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amezimika.

— Lakini uliandika kwa mkono wako, nikasihi. Nikatoa daftari jipya na kalamu. Kumbuka hata sentensi moja.

— Niliandika hadithi kumi na nne mwaka ule. Nyingine nazikumbuka neno kwa neno. Hii... Akafumba macho. Nakumbuka nilikuwa naandika kwenye meza yake ya kukatia mboga. Kalondu alifika mwisho, nikalia. Machozi yakachafua wino, ikabidi ninakili upya ukurasa huo. Nakumbuka kulia. Sikumbuki nililia kwa nini, kwa furaha au kwa uchungu.

Na mimi je? Nitasema, maana sipendi wasemaji wanaohesabu makosa ya upande mmoja. Novemba iliyopita nilisimama ukumbini chuoni kutetea hoja kwamba masimulizi ya wazee yahifadhiwe kabla hayajafa nao. Nilimtaja Kalondu wa Tulia kama ushahidi. Nilipigiwa makofi mpaka nikaona haya, nikazawadiwa kamusi. Krismasi nikaja nyumbani, susu akiwa mlangoni anapepeta pojo, mimi nikiwa kivulini nasoma kamusi. Alikuwa hai miezi mitano mizima baada ya makofi yale. Akaniuliza, mnasoma nini huko? Nikamwambia, ni mambo mengi, susu, hutaelewa.

— Pole, bibie, akasema Faki. Akanimiminia kahawa, ikatoka nusu kikombe, mashapo matupu.

Mwishoni mwa fomu alikuwa ameketi mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, akingoja unga wake usagwe. Baadaye tuliambiwa anaitwa Nthenya, ametoka Zombe, amekuja kumuuguza dada yake. Alikuwa amesikiliza yote akiwa ameshika tama.

— Samahani, akasema. Mimi hiyo kitabu sijasoma. Nilikuwa tu nauliza. Huyo msichana alitoka kwa shimo?

Tukatazamana. Breki akafungua mdomo, na ule mchanga wake wote na malori yake yote, akaufunga. Redio akainama kukagua kiatu. Faki akatikisa birika, ingawa sote tulijua halina kitu. Mwalimu alinitazama mimi, kana kwamba nimesoma sana na lazima nijue, nami nikamtazama yeye.

Kinu kikazimwa. Mwenye kinu akaita unga wa mama wa Zombe. Nthenya akasimama, akakung'uta leso, akajitwisha debe lake.

— Basi bado yuko humo, akasema, akaenda zake.