Mbwa Mwitu Hakuulizwa: Maisha ya Maalim Zuberi Nyanda

Marehemu Maalim Zuberi Nyanda Manyanda alikuwa mtoto wa Nyanda, aliyechimba kisima cha msikiti wa Kasekese kwa mikono yake, na mjukuu wa Manyanda, mpagazi aliyetoka Tabora na mzigo wa watu kichwani na dini yake moyoni. Alizaliwa Kasekese mwaka 1931, mwaka wa nzige. Alibebwa mgongoni na dada yake, Bi Mgeni, ndiye huyu anayesoma maneno haya.

Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka 1947 alipelekwa chuo cha Kurani Ujiji, akakaa miaka mitano, akarudi mwembamba kama ufito.

Tangu 1954 alishona nguo Kashaulili, na jioni alifundisha watoto Kurani katika chuo cha mtaa. Mwaka 1956 alimwoa Bi Mwamvita, ambaye husema alimpendea jinsi alivyojua kunyamaza.

Na kweli alijua. Kisa cha Nabii Yusufu alikisimulia hivi: maneno ya wale ndugu aliyasemea kushoto mwa mkeka, ya baba yao, Mzee Yakubu, kulia. Pale Mwenyezi Mungu anaposema mwenyewe, alitoka kabisa mkekani, mtoto akasoma aya. Na Kitabu kinaponyamaza, naye kimya. Siku moja mtoto akauliza, "Maalim, na yule mbwa mwitu waliyesema amemla Yusufu, yeye alisema nini?"

"Hakuulizwa, mwanangu. Ndiyo maana alisingiziwa."

Machi 1994, wakubwa watatu wa chuo walikaa kikao bila yeye. Wakasema, "Chuo kimegeuzwa ngoma. Leo anajifanya Mzee Yakubu, kesho atajifanya nani?" Watoto thelathini na wanane wakahamishwa siku hiyohiyo. Maalim hakuulizwa. Alikunja mkeka, akarudi kwenye cherehani. Wote watatu alikuwa amewafundisha alifu yeye, na kanzu walizokaa nazo kikaoni alizishona yeye. Moja ipo hapa leo.

Kifua kilimwanza mwaka jana. Watatu hao hawakufika kumjulia hali. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 12 Novemba 1998, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na dada mmoja. Mola ampanulie kaburi, na udongo usimlemee.

Jumatatu, siku tatu kabla, Bi Mgeni alimwambia, "Siku ya kukuzika nitawataja, mmoja mmoja, na baba zao."

Maalim alicheka hadi akakohoa. "Dada, nawe! Miaka sitini na saba nakujua, hasira hazijapoa? Ndugu zake Yusufu, Mungu ametusomea maneno yao yote. Majina hakuyataja. Siku hiyo utasoma wewe. Sema walivyosema, usiongeze, usipunguze. Majina yaache."

"Niwafichie nini, mdogo wangu?"

"Huwafichi. Kila mtu anaijua kanzu yake. Hiyo kazi ya kuzitaja kanzu nakuachia wewe."