Meshack Sila Ndahani na Gitaa Lililolia Kama Ilimba

Ndugu waombolezaji, huyu tuliyemleta leo Mvumi alikuwa mpiga gitaa. Wako watakaosema alikuwa fundi redio, na kweli redio nyingi za Dodoma zilipita mikononi mwake. Ufundi ulimlisha, lakini lililompa jina mjini ni gitaa. Dada yake mkubwa, Paulina, aliyeuandika wasifu huu, ametaka hilo litangulie, msije mkaondoka hapa mkidhani mmezika mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa hapahapa Mvumi tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Sila Ndahani na marehemu Mama Yudithi. Alipokuwa mchanga Paulina ndiye aliyembeba mgongoni, na akilia alipelekwa kwa babu. Babu alikuwa na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa dole gumba. Akiigusa tu, mtoto kimya, kama aliyepewa ziwa. Akiiweka chini, kilio kinaanza upya, na babu anacheka: huyu amekuja kunifanyisha kazi.

Shule ya msingi alisoma hapa kijijini tangu 1965 hadi 1971. Hesabu zilimkubali. Kwaya ilimpenda lakini haikumwelewa, kwa kuwa mwalimu alimhamisha mstari hadi mstari akidai anaimba pembeni ya wimbo. Akirudi nyumbani amenuna, Paulina, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, alimwambia huko pembeni ndiko uliko wimbo wa kwao.

Mwaka 1972 alihamia Dodoma mjini kujifunza ufundi redio Kizota. Mwaka 1983 shirika moja la umma lilimwajiri kuwa fundi umeme, na wakamkuta na vidole vya gitaa. Shirika lilikuwa na bendi yake ya dansi, akakabidhiwa gitaa la solo, jekundu, mali ya shirika. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na Anyesi, binti wa Mpwapwa, wakajenga Nkuhungu. Anyesi aliulizwa na shangazi zake kama anajua anaolewa na mtu wa dansi. Akajibu anajua, na kwamba anapenda kucheza.

Sasa tufike penyewe. Meshack alikuwa na haja moja tangu ujana: sauti ile ya ilimba ya babu itoke kwenye gitaa la umeme. Alilegeza nyuzi hizi, akakaza zile, mpaka gitaa likawa haliafikiani na mengine yote. Akitaka, alilisogeza karibu na spika likapiga mluzi mrefu, na mluzi huo aliupinda kwa vidole apendavyo. Kiongozi wa bendi, Gaudence, mtu makini wa kupenda nyimbo zipigwe kama zilivyo kwenye santuri, alimwonya mara nyingi.

Mei Mosi ya 1991 shirika lilifanya sherehe ukumbini, na kikundi cha akina mama wa Mvumi kiliitwa kupiga ng'oma za muheme, zile za wanawake wa Kigogo zinazobanwa mapajani. Paulina alikuwemo. Kabla bendi haijaanza, Gaudence alimsogelea Meshack mbele ya dada yake.

"Leo wakubwa wote wapo, kaka. Piga kama ilivyo. Ukipiga mambo yako, gitaa unaliacha."

Meshack akaitikia kwa kichwa. Wimbo wa kwanza alipiga kama ulivyo. Wa pili akapiga mambo yake. Gitaa likalia, likapanda, likapiga mluzi, na Mzee Harithi wa Majengo, aliyekuwa akiangalia jenereta nje, akadhani mashine zinaungua. Akalizima kuokoa mali ya umma.

Ukumbi ukanyamaza. Paulina alimwona mdogo wake amesimama na gitaa lisilosema, na watu wakianza kumcheka. Akabana ng'oma yake mapajani, akaipiga. Wenzake wakaipokea. Harithi alipoambiwa hapakuungua kitu na kuwasha tena, muheme ulikuwa umeshika ukumbi, na gitaa la Meshack likaingia katikati yake kama lililokuwa linangojewa. Wakubwa walicheza. Asubuhi yake Meshack alilifuta vumbi gitaa jekundu, akalirudisha ofisini. Gaudence hakuwa mtu wa kubadili neno.

Huko Kizota Meshack akajichongea lake kwa mninga, sumaku akazitoa kwenye spika mbovu. Mwaka 1992 alianzisha Kizota Sauti, gitaa na ng'oma za muheme, akamchukua Mzee Harithi kwa kazi maalumu ya kuzima umeme. Msicheke. Katikati ya wimbo Harithi alizima, akina mama wakabaki peke yao, kisha akawasha. Watu wa Singida, Iringa na Morogoro walikuja kungoja hapo. Dar es Salaam, mwaka 1998, mafundi wa ukumbi walikataa katakata mtu kugusa swichi. Harithi akawaambia kwa upole, "Wanangu, bila kuzima hapo hatuna wimbo." Wakamwachia swichi. Kanda yao ilisikika kila kibanda cha Majengo.

Shirika lilikuwa limeuzwa tangu 1994, bendi ikatawanyika, na Gaudence akaondoka na gitaa jekundu.

Machi 2003 Meshack alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalala. Anyesi alimuuguza kwa moyo wote. Mwezi Februari mwaka huu Gaudence alifika Nkuhungu na gitaa lile, akaketi kitandani pake.

"Kaka, nimejaribu miaka yote hii. Siipati sauti ile. Nikazie nyuzi zile zako."

Gaudence alipiga uzi mmoja mmoja, na Meshack, kwa mkono uliobaki, alizungusha vikazio polepole mpaka sauti ya babu ikajaa chumbani. Paulina alikuwepo, akalia. Meshack akamtazama Gaudence, akasema, "Haya. Sasa limeharibika vizuri."

Alifariki dunia nyumbani kwake Nkuhungu tarehe 9 Juni 2004, saa nne asubuhi, mkewe na dada yake wakiwa naye.

Ameacha mjane, Anyesi, watoto watatu, Priska, Sila na Anastazia, mjukuu mmoja, dada yake Paulina, Mzee Harithi, aliyekuwa akimwita mwanangu, na akina mama wa muheme, mnaowaona wamekaa na ng'oma zao pale mbele.

Jeneza litakaposhuka, Gaudence atapiga gitaa jekundu. Mkilisikia kama halijakaa sawa, liacheni, ndivyo lilivyoachwa na mwenyewe. Katikati litanyamaza, na akina mama watabaki peke yao. Safari hii hatutangoja liwashwe.

Pumzika kwa amani, Meshack. Mgongo wa dada yako bado unakukumbuka.